Mfupa Huchoka Lini

Kabla ya kuingia katika korido ile, Elinaike Akyoo alikuwa mtu anayeamini kwamba kitu kikipimwa mara tatu kwa uangalifu kitatoa namba ile ile, au namba zinazokaribiana kiasi cha kusameheana. Kutoka mlango wa ofisi yake hadi dirisha la Mfuko wa Utafiti alihesabu hatua mia mbili na kumi na mbili. Aliporudi alihesabu mia moja themanini na nane. Akadhani amekosea, akaenda tena: mia mbili na kumi na mbili. Akarudi: mia moja sabini na tatu. Viatu vilikuwa vile vile, miguu ile ile, na sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta, isiyo na sababu yoyote ya kufupika. Aliziandika namba zote nne katika daftari lake na kuweka alama ya kuuliza mbele ya kila moja, kwa kuwa alikwisha kufundishwa kwamba kipimo usichokielewa hakifutwi. Kinaandikwa, kisha kinasubiriwa.

Alikuwa na wiki mbili tangu aajiriwe kuwa mhadhiri katika chuo kile cha mlimani. Au miezi miwili. Ukutani kulikuwa na kalenda tatu: moja ya mwaka uliopita, moja ya mwaka huu, na ya tatu ilikuwa na miezi na siku lakini haikuwa na mwaka. Wafanyakazi wa chuo waliitazama hiyo ya tatu.

Kibao cha mlango wake kiliandikwa Dk. S. Mkilindi. Kuhusu Mkilindi hakupata maelezo mawili yanayolingana. Mmoja alisema amestaafu, mwingine alisema alikwenda kusoma ng'ambo akasahau kurudi, na mfagizi alisema Mkilindi ndiye aliyeingia asubuhi hii, akamwonyesha Elinaike mwenyewe kwa kidole. Kubadilisha kibao kulihitaji barua, barua ilihitaji namba ya jalada, na jalada lilikuwa la Mkilindi. Wanafunzi wakawa wanamwamkia: “Shikamoo, Dokta Mkilindi.” Siku ya kwanza aliwasahihisha. Siku ya pili aliwasahihisha. Siku ya tatu alikuwa na haraka, akajibu “Marahaba.” Marahaba ikishatoka haina njia ya kurudishwa.

Lililompeleka kwenye korido lilikuwa swali moja, na lilikuwa swali la kawaida kabisa. Bondeni, chini ya mlima, kuna shule ya msingi ambayo maji ya kisima chake yana madini ya floraidi miligramu nane kwa kila lita. Kiasi kinachovumilika ni moja na nusu. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo huota meno ya rangi ya kahawia, na akiendelea kunywa, mifupa ya miguu huanza kupinda. Mfupa wa ng'ombe ukichomwa katika tanuru lisilo na hewa nyingi, ukasagwa chengachenga na kujazwa katika pipa, hunasa floraidi maji yanapopita. Mfupa wa ng'ombe unakubali kuugua badala ya mfupa wa mtoto: hivyo ndivyo Elinaike alivyozoea kuwaeleza wasiojua kemia, ingawa yeye binafsi hakuipenda kauli hiyo, kwa sababu mfupa haukubali wala haukatai. Unajaa. Na siku ukijaa huachia kila kitu kipite, kimya kimya. Maji hubaki na rangi ile ile, harufu ile ile, ladha ile ile.

Mfupa huchoka lini? Hakuna aliyekuwa amepima. Akiwa bado mwanafunzi, yeye mwenyewe alilijaza pipa la bluu katika jiko la shule ile, akalifungia koki, akamwambia mpishi, Mama Naropi, “Nitarudi kabla mfupa haujachoka.” Pipa hilo sasa lilikuwa na miezi minane. Watoto mia tatu na kumi walikuwa wakinywa kutoka kwenye ahadi hiyo kila siku.

Kwa nini basi hakuteremka mlima akapima? Aliwahi kumuuliza hivyo Profesa Senzige, mkuu wa idara, mzee mwenye sauti laini na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia watu. Profesa alivaa ile ya kutazamia watu.

“Kupima bila ruzuku ni udadisi, mwanangu. Kupima kwa ruzuku ndio utafiti. Ukienda kidadisi ukakuta jambo, jambo hilo utalipeleka wapi? Halina mwenyewe.”

Isitoshe, dawa nyekundu ya kupimia floraidi ilibaki chupa moja katika idara nzima, nayo ilitosha vipimo sita tu, vilivyowekwa kwa ajili ya mafunzo ya wanafunzi. Elinaike alihitaji vipimo karibu elfu moja: mapipa arobaini, kila mwezi, miaka miwili. Akalipokea neno la Profesa kama mtu anavyopokea kanuni, bila kulipima. Baadaye aliandika katika daftari kwamba hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

*

Dirisha la Mfuko lilikuwa mraba uliokatwa ukutani, na nyuma yake alikaa Bi Sikudhani, mtunza masijala, mwanamke mwenye kanga mabegani na muhuri mkononi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amesimama.

“Karibu, Dokta Mkilindi. Umekuja kwa ajili ya wito?”

“Akyoo. Ndiyo, wito wa maandiko ya utafiti. Umetangazwa lini?”

“Leo asubuhi. Gundi bado mbichi, usiguse.”

“Na mwisho wa kupokea maombi?”

Bi Sikudhani aliangalia kalenda isiyo na mwaka. “Ijumaa iliyopita.”

Elinaike alisubiri acheke. Hakucheka.

“Kwa hiyo nimechelewa kabla haujatangazwa.”

“Mbona wenzako wamewahi?”

“Waliwahije?”

“Mama, mimi kazi yangu kugonga muhuri. Chukua fomu, jaza, lete. Ukikuta mtu dirishani, umewahi.” Akasukuma fomu yenye kurasa kumi na mbili. “Ila soma sharti la pili, usije ukanilaumu.”

Sharti la pili lilisema mtafiti mkuu awe amewahi kupata ruzuku ya Mfuko huu. Elinaike alilisoma mara tatu, kama ilivyo desturi yake. Mara zote tatu lilitoa maana ile ile.

“Na yule wa kwanza kabisa,” aliuliza, “alipataje?”

Bi Sikudhani akaweka muhuri chini taratibu. “Dokta Mkilindi, wewe kila mwaka unaniuliza swali hilo hilo.”

*

Kisanduku cha kwanza: Swali la utafiti. Nimeandika. Nimefuta. Mfupa huchoka lini. Je, swali lenye maneno matatu linaweza kujaza kisanduku cha mistari kumi na tano? Mistari iliyobaki inanitazama. Nadhani wanaotoa pesa huitazama mistari iliyobaki kama mwenye nyumba anavyotazama chumba kisicho na mpangaji.

Kisanduku cha tatu: Eleza wewe ni nani kwa nafsi ya tatu. “Dk. Elinaike Akyoo ni mtaalamu wa kemia ya maji. Ana shahada tatu.” Nani anazungumza hapa? Ninamfahamu mwanamke huyu kwa habari tu. Anaonekana mtulivu kuliko mimi.

Kisanduku cha nne: Matokeo ya awali. Onyesha kwamba umekwisha kupata sehemu ya jibu. Kama ninalo, naomba nini? Kama sina, naombaje? Nimeandika ukweli: “Hakuna. Ndicho ninachoombea.”

Kisanduku cha tisa: Je, mwombaji ana maslahi binafsi katika jambo linalochunguzwa? Jibu Ndiyo au Hapana, na ueleze. Nilizaliwa bondeni. Nimekunywa kisima kile miaka kumi na minne. Nikicheka huziba mdomo kwa kiganja, na tabia hiyo hakuna shahada iliyoiondoa. Nimeandika: “Ndiyo: meno.”

*

Simu iliita akiwa bado katika kisanduku cha tisa. Aliipokea bila kutazama.

“Mkilindi hapa.”

“Mkilindi ndiyo nani?” Sauti ya Mama Naropi ilikuja na mlio wa masufuria nyuma yake. “Mimi namtafuta Elinaike. Mwambie ni mama wa jikoni.”

“Mama, ni mimi. Shikamoo.”

“Marahaba. Mbona umebadilika jina, umeolewa?”

“Hapana, mama. Ni mlango.”

“Mlango ndio umekuoa?” Akacheka, kisha akaacha. “Sikia. Nakuuliza kuhusu pipa. Tuendelee kunywa?”

“Lina miezi minane tu, mama. Nitakuja.”

“Tisa.”

“Minane. Nimeangalia leo asubuhi.”

“Leo asubuhi gani? Mimi nachora mstari wa mkaa ukutani kila mwisho wa mwezi, kama ulivyonielekeza. Hapa nina mistari tisa. Unataka niihesabu tena?”

Hakukuwa na haja ya kuihesabu tena. Elinaike ndiye aliyemfundisha kuichora. Akatazama nje: miti ya chuo, ambayo asubuhi ilikuwa na maua ya zambarau, ilikuwa na majani matupu. Alikuwa ameketi kwenye kiti kile kujaza kurasa kumi na mbili. Chai iliyokuwa pembeni yake ilikuwa bado ya moto. Aliandika: asubuhi moja ya korido ni sawa na mwezi mmoja wa bondeni, takriban. Akaweka alama ya kuuliza.

*

Katika chuo kile kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeivunja. Andiko la mhadhiri mpya halikuwa na ruhusa ya kutembea lenyewe. Lilipaswa kubebwa na jina la mkubwa aliyewahi kupata ruzuku. Jina hilo ndilo lilikaa juu, na la mwenye swali, kama nafasi ilitosha, lilikaa chini kwa herufi ndogo. Hilo waliliita kubebwa. “Umeshabebwa?” waliulizana kwenye chai. “Bado, natafuta mgongo.”

Profesa Senzige alikuwa amebeba wengi. Alilisoma andiko lake kwa miwani ya kusomea, akiguna kila alipofika mwisho wa ukurasa.

“Andiko lisilo na jina kubwa,” alisema, “ni mgeni asiye na mwenyeji. Litalala nje. Nitakubebea. Lakini hapa, kisanduku cha nne, umeandika nini?”

“Hakuna, Profesa.”

“Naona. Ndiyo maana ninauliza, umeandika nini?”

“Nimeandika kwamba hakuna. Hakuna aliyepima.”

Profesa alicheka, si kwa ubaya. Alicheka kama babu anayemsikia mjukuu akiuliza jua hulala wapi. “Wewe ukimwendea mtu ukamwambia, bwana, mimi sijui, nipe pesa, atakupa?”

“Kama naye anataka kujua.”

“Hakuna anayetaka kujua, mwanangu. Watu wanataka kuwa walikwisha kujua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.”

Elinaike alitaka kusema kwamba amekwisha kuinama, na mvunguni amekuta vumbi. Lakini alimheshimu mzee, na alikuwa na mistari tisa ya mkaa kichwani. “Sitaandika namba nisiyoipima, Profesa.”

“Nani amekwambia uandike? Liache hapa. Nitalichana nywele kidogo, nilivike, nilipeleke. Kazi ya mwenyeji hiyo.”

Alipotoka alihesabu hatua mia mbili na arobaini na moja hadi mlangoni pake. Simu ilikuwa inaita.

“Kumi,” alisema Mama Naropi, bila salamu.

“Mama, subiri kidogo. Andiko limekwisha kupelekwa.”

“Andiko linapima maji?”

“Halipimi. Litaleta pesa ya kupimia.”

“Mwanangu, uliondoka hapa na daftari moja mkononi. Ukapanda mlima huo kama mbuzi. Sasa kurudi unahitaji watu wakubebe? Daftari limekuwa zito?”

Elinaike alifungua mdomo kueleza tofauti ya udadisi na utafiti. Aligundua kwamba hawezi kuieleza kwa Kiswahili cha jikoni, na tangu utoto wake alishuku kila jambo lisiloelezeka kwa Kiswahili cha jikoni.

*

Kulikuwa na desturi ya pili, nayo hii iliandikwa. Kila aliyeomba alipaswa kuhakiki andiko moja la mwombaji mwingine, ili haki itendeke. Majina yalikatwa kwa mkasi, yakaacha tundu la mstatili juu ya ukurasa wa kwanza, na mhakiki aliweza kuingiza kidole humo na kukitazama kikitokea upande wa pili. Bi Sikudhani alimkabidhi lake katika bahasha ya kaki.

“La nani?” Elinaike aliuliza, kwa mazoea tu.

“Humu ndani hakuna anayejua la nani. Ndiyo haki yenyewe.”

Alilisoma akiwa amesimama, kisha amekaa, kisha amesimama tena. Lilikuwa andiko zuri. Sentensi zake zilitembea kwa kujiamini, kama watu wanaokwenda harusini. Lilihusu uchujaji wa maji kwa mifupa, na Elinaike alihisi wivu mdogo: kumbe yupo mwingine. Swali la utafiti lilijaza mistari yote kumi na tano na halikuwa na alama ya kuuliza popote. Lilisema mradi huu utathibitisha kwamba mfupa wa ng'ombe hudumu miezi kumi na minne. Katika kisanduku cha nne, matokeo ya awali, namba ilirudi, safari hii ndani ya jedwali: miezi kumi na minne. Katika ukurasa wa sita ilirudi na mchoro.

Miezi kumi na minne. Aliweka karatasi chini. Kama ni kweli, pipa la bondeni lilikuwa salama bado. Kama ni kweli, angeweza kumpigia Mama Naropi sasa hivi na kumwambia endeleeni kunywa, kuna wakati. Ilikuwa namba ya kirafiki. Alihisi mwili wake ukiitaka, mabega yakishuka, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika kila kinachotokea, aliandika na hilo: mhakiki anatamani namba hii iwe kweli. Kisha akatafuta ilikopimwa. Maji ya wapi, yenye floraidi kiasi gani, pipa la ujazo gani, siku gani, nani aliyeshika chupa. Alitafuta kurasa zote kuanzia ya kwanza hadi ya nane. Namba ilikuwepo kila mahali na haikutoka popote.

Alitoa alama mbili kati ya kumi, zote mbili kwa ajili ya tahajia. Katika nafasi ya maoni aliandika kwa mwandiko wake mdogo uliosimama: “Mwandishi anajua asichokipima. Akapime kwanza, ndipo aombe.”

Ndipo akafungua ukurasa wa tisa, kwa kuwa hakuwahi kusaini kitu bila kukisoma hadi mwisho. Kisanduku cha tisa kilikuwa na maneno mawili, na yalikuwa maneno pekee katika andiko zima ambayo hayakuwa yamevikwa chochote.

“Ndiyo: meno.”

Kiganja chake kilipanda chenyewe hadi mdomoni, ingawa hakuwa anacheka.

*

Alimkuta Profesa Senzige katikati ya korido, akitembea kuelekea kwake bila kumkaribia, jambo ambalo kwa wakati huo halikumshangaza tena.

“Profesa, namba kumi na nne imetoka wapi?”

“Umelionaje?” Profesa alishangaa kidogo, kisha akatabasamu. “Imekaa vizuri, siyo?”

“Imetoka wapi?”

“Ilikuwa katika andiko langu, lile lililopata ruzuku.”

“Uliipima?”

“Niliipokea kwa mwalimu wangu.”

“Naye aliipima?”

Profesa alivua miwani ya kutazamia watu, akavaa ya kusomea, akamtazama kwa hiyo, na pengine hakumwona. “Mwalimu wangu alikuwa mtu mwenye heshima sana,” alisema. “Mimi sikuwahi kumuuliza. Namba iliyokwisha kutolewa pesa, Elinaike, haiulizwi tena umri wake.”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa chuo kumwita kwa jina lake. Katika sauti ya mzee hakusikia hila. Aliisikia imani, tena imani ya miaka mingi, iliyopita ndani ya mtu mmoja baada ya mwingine kama maji ndani ya pipa, na hakuna aliyefungua kifuniko kuona kama kilichomo ndani bado kinanasa kitu.

“Kwenye ruzuku yako, mliweka mapipa?”

“Mengi tu. Vijijini kote.”

“Na mliyabadilisha mifupa baada ya miezi kumi na minne.”

“Kama mpango ulivyosema,” alijibu Profesa, na sauti yake ikafanya kitu kama kujikwaa. Akaendelea na njia yake. Elinaike aliusikia mwendo wake ukififia kwa muda mrefu kuliko urefu wa korido.

*

Dirishani, Bi Sikudhani alipokea uhakiki, akaona alama, akaacha muhuri ukiwa umening'inia hewani.

“Mbili tu? Mwenye andiko hili atarudi kwao.”

“Ni langu.”

“Mimi sijasikia hilo.” Bi Sikudhani alisogeza kitu juu ya ukingo wa dirisha kwa kidole kimoja. Kilikuwa kifutio, kipya, cheupe. “Muhuri bado haujagonga. Nane ni namba nzuri. Nane inapita. Ukishapata ya kwanza, sharti la pili halikugusi tena maisha yako yote, na wewe ndiye utakayebeba wengine. Mapipa yako arobaini hayo hapo.”

Elinaike alikitazama kifutio. Hesabu haikuwa ngumu. Nane: mapipa arobaini, miaka miwili, na juu ya kila pipa karatasi inayosema kumi na minne, mpaka siku atakapopima na kusema vinginevyo, kama bado angekuwa mtu wa kusema vinginevyo. Mbili: pipa moja. Simu mfukoni iliita, akaitoa, akaiweka sikioni bila kuondoa macho kwenye kifutio.

“Kumi na moja,” alisema Mama Naropi. Nyuma yake, badala ya masufuria, zilisikika sauti za watoto wengi wakigombania zamu ya kikombe.

“Gonga,” Elinaike alimwambia Bi Sikudhani.

Muhuri ukagonga. Bila kugeuka wala kuinuka, Bi Sikudhani alivuta barua kutoka kwenye kijisanduku kilichokuwa upande wa mkono wake wa kushoto na kumkabidhi. Ilikuwa na tarehe ya Ijumaa iliyopita. Kwa Dk. Mkilindi, ilisema, Mfuko unasikitika. Chini, chini ya maneno Maoni ya mhakiki, palikuwa na sentensi mbili zilizopigwa chapa, na ya pili ilisema: Akapime kwanza, ndipo aombe.

Aliisoma mara tatu. Tangu aingie katika korido ile, lilikuwa agizo la kwanza alilolielewa.

Maabara ilikuwa wazi. Alichukua chupa ya dawa nyekundu, mirija sita ya kioo na bomba la kudondoshea, na katika kitabu cha kuchukulia vifaa aliandika: vipimo vyote sita, E. Akyoo. Jina lilionekana fupi kuliko alivyolikumbuka. Kisha akateremka mlima kwa miguu.

*

Kutoka lango la shule hadi mlango wa jiko alihesabu hatua arobaini na moja. Alikuwa amemwona Mama Naropi mlangoni, mnene, mikono ya gauni imekunjwa, unga hadi kwenye viwiko, akimtazama. Hata hivyo Elinaike aligeuka, akarudi hadi langoni. Arobaini na moja. Akaja tena. Arobaini na moja.

“Umepoteza nini?” Mama Naropi aliuliza.

“Shikamoo, mama. Sijapoteza.”

“Marahaba. Basi ingia, acha kupima uwanja. Uwanja hatunywi.”

Pipa la bluu lilikuwa pale alipoliacha, na ukutani juu yake mistari kumi na mmoja ya mkaa. Alipanga mirija kwenye meza ya kukatia mboga. Wa kwanza, maji safi aliyokuja nayo kutoka maabara: dawa ilibaki nyekundu kama ilivyotoka kwenye chupa. Wa pili, maji aliyoyaandaa yawe na moja na nusu kamili: nyekundu iliyopungua kidogo, rangi ya mpaka. Wa tatu, maji ya kisima: dawa ilipauka ikawa karibu na manjano. Sasa alikuwa na pande mbili na mpaka katikati. Mirija mitatu iliyobaki ilikuwa ya pipa. Alifungua koki, akaacha maji yamwagike kwanza kwa muda aliouhesabu, akakinga mara tatu, akadondosha dawa, akasubiri.

Mama Naropi alijisogeza. Nje kengele ya mapumziko ilikuwa bado haijagongwa.

Mrija wa nne ulipauka. Wa tano ukapauka. Wa sita ukapauka. Yote mitatu ilisimama ng'ambo ya mpaka, si mbali na kisima, na yote mitatu ilikuwa na rangi moja, bila tofauti yoyote ambayo jicho lingeweza kuiona. Kipimo kilichorudiwa mara tatu kilitoa jibu moja.

“Niambie,” alisema Mama Naropi.

“Umechoka.”

“Tangu lini?”

“Sijui. Kati ya siku nilipolijaza pipa na leo.”

“Mwezi wa tisa maji yalibadilika ladha. Nilitaka kukwambia.”

“Floraidi haina ladha, mama. Hiyo haikuwa yenyewe.”

“Basi mimi ningejuaje?”

“Usingejua.”

“Na wewe ungejuaje?”

Elinaike aliitazama mirija. Alilitafuta jibu lenye mistari kumi na tano, hakulipata.

“Kwa kuja,” alisema.

Mama Naropi hakumsaidia. Hakusema si neno, hakusema ndiyo dunia. Alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, na nje kengele ikagongwa, na miguu mia sita na ishirini ikaanza kukimbia kuelekea kwenye koki.

“Na leo,” aliuliza, “wanywe nini?”

Elinaike alifungua daftari. Juu ya ukurasa mpya aliandika tarehe, yenye mwaka, na chini yake swali hilo kama lilivyotamkwa, kwa sababu katika kurasa kumi na mbili za fomu hakukuwa na kisanduku chake. Alama ya kuuliza aliyoiweka mwishoni haikuwa ya shaka. Mama Naropi alikuwa amekwisha kufunga koki na kutoa kichwa dirishani, akiwapigia watoto kelele kwamba leo hakuna kikombe, kila mtu akae chini, tanki la mvua litafunguliwa, na atakayesukuma mwenzake atalikosa. Kisha akarudi, akaliinamia pipa na kulishika kwenye ukingo. Ndani yake mifupa ilichakarisha, mizito, imeshiba.

Elinaike alikuwa bado anaandika.

“Elinaike,” alisema Mama Naropi. “Weka chini hilo. Shika upande ule.”